Nganda isifungwe, nganda ilindwe

Jumamosi iliyopita, saa nane ya mchana, tuliingia mu nganda moja ya hapa Oicha, pembeni ya ile barabara kubwa inayotoka Beni kwenda Eringeti. Tulikuwa watu saba: wachimbaji wa dhahabu watano waliorudi kutoka karé, motari mmoja, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayetusaidiaka kuandika barua za chama. Hatukuwa na mkutano. Tulikuwa na njaa, na tulisikia kama kutakuwa muziki.

Mama mwenye nganda alitupokea mlangoni. "Karibuni, batoto yangu. Maji ya kunawa iko pale. Na mifuko mufungue, huyu kijana aangalie."

Mlangoni kuna ndoo yenye robine, kuna sabuni, na kuna kijana anayeangalia mifuko ya kila mtu, awe mkubwa ao mdogo. Ile ndoo ilibakia tangu wakati wa Ebola. Wengi waliondoa ndoo zao ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020. Huyu mama hakuondoa yake. Kijana wa mlango alikuja nyuma, na sababu yake tutaisema mbele kidogo.

Tulikula. Kulikuwa fufu na sombe, kulikuwa samaki ya Kyavinyonge katika mchuzi, maharagi, makemba ya kupika, na mbuzi ya kuchoma kwa wale wenye walikuwa na feza. Wanne kati yetu walikunywa kasiksi, wawili walichukua Primus, na mwalimu alikunywa sukari ya machupa sababu yeye ni mtu wa kanisa. Hakuna mtu aliyemcheka. Karibu yetu walikaa wakulima wa kakao, mama wawili wauza nguo sokoni, na papa mmoja aliyehamia hapa kutoka upande wa Mamove na familia yake yote.

Kisha saa tisa wale wapiga muziki walianza. Hawakuwa orkestre. Ni watu watatu: gitaa moja, ngoma moja, na mwimbaji ambaye siku zingine analimaka. Bafle ilikuwa moja, na ilikuwa inapiga kelele kila mara waya ilipoguswa. Walianza na rumba za zamani zenye wazee wanajua, kisha wakaimba za Kinande, na mama mmoja muuza nguo akasimama, akavua kitambaa ya kichwa, akacheza peke yake katikati ya meza. Watu walipiga makofi. Yule papa wa Mamove, aliyekuwa hajasema hata neno moja, akaanza kuitikia wimbo.

Saa kumi na moja na nusu mama alizima bafle. Hakuuliza mtu. Akapita akikusanya vikombe na kusema: "Jua inashuka, kila mtu kwake." Na kila mtu akaenda kwake. Hiyo ndiyo habari yote ya siku ile.

Sasa, kwa nini tunaandika juu ya kitu kidogo namna hii katika gazeti? Ni kwa sababu kesho yake, kisha ibada, mzee mmoja tunayemuheshimu sana alituita pembeni. Alisikia kama tulikuwa nganda. Hakukasirika kwa kelele, alisema polepole: "Wanangu, mbele ya kwenda kucheza, muhesabu kwanza makaburi." Yeye mwenyewe alizika watoto wawili waliouawa shambani. Tulinyamaza, hatukumujibu. Mtu aliyezika watoto wawili haujibiwi pale barabarani.

Lakini lile neno lilikaa ndani yetu wiki nzima. Na tunajua kama haiko neno lake peke yake. Kuna viongozi wa mahali wanaosema hivyo, kuna wahubiri, kuna hata vijana. Kila mara kukitokea mauaji, wazo la kwanza lenye linakuja ni hili: tufunge manganda. Tunataka leo kutoa jibu letu, kwa heshima, na pia kusema makosa yetu wenyewe, sababu nayo iko.

Tuanze na makaburi, kama mzee alivyoomba. Katika territoire yetu ya Beni tunazika tangu Oktoba 2014. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule hajajua hata mwaka mmoja wa amani. Tulipita Ebola, ile ya kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, iliyochukua watu 2287 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na Kivu ya Kusini kidogo. Tarehe 6 Mei 2021 état de siège ikaanza. Tarehe 30 Novemba ya mwaka ule ule jeshi la Uganda likaingia kusaidia jeshi letu. Yote hii tumeiona. Mtu wa Oicha hahitaji kukumbushwa kama kuna vita. Anaikumbuka kila asubuhi anapouliza jirani: "Barabara iko namna gani leo?"

Na hilo swali, ndugu wasomaji, jibu yake inapatikana wapi? Wengi tunaipata pale pale nganda. Motari aliyetoka Mbau anakula pale. Dereva wa lori aliyetoka Komanda anakula pale. Mkulima aliyeona nyayo zisizojulikana shambani yake anasema pale, kwanza kwa sauti ya chini kwa rafiki yake, kisha kwa meza nzima, kisha mtu anaenda kumuambia chef wa quartier. Habari zingine ni uongo, tunakubali. Lakini pale meza moja iko na watu kumi wenye kujua njia kumi, uongo haudumu sana. Mtu akisema kama njia fulani imefungwa, mwingine anasema: "Mimi nimepita asubuhi."

Kuna kingine. Mwaka jana mwenzetu mmoja alifunikwa na udongo katika shimo. Hakukuwa kampuni ya kulipa, hakukuwa assurance. Mwenye shimo alikimbia. Mwili ulifika Oicha jioni, na mke wake hakuwa hata na feza ya mbao. Pesa za kwanza za sanduku zilikusanywa ndani ya sahani moja ya bati, ikizunguka meza kwa meza, wapiga muziki wakiwa wamenyamaza. Hata wao waliweka zao ndani ya sahani. Tunauliza: kama ile nyumba ingekuwa imefungwa, tungezunguka na sahani wapi usiku ule ukikaribia? Kanisa ilisaidia kesho yake, na tunaishukuru. Lakini mbao zilikuwa zinatakiwa siku ile.

Wenye kujua Kilingala wanatuambia kama neno nganda, mwanzo wake, ni kambi ya wavuvi: pale mtu aliye mbali na kwao anapopumzika, anapokausha samaki yake na kula na wenzake. Kisha watu wa Kinshasa wakaichukua kwa kuita nyumba za watu zenye kuuzisha kinywaji na chakula. Sisi wachimbaji tunaona kama lile jina linatufaa vizuri kuliko wengine wote. Mchimbaji ni mtu wa kambi. Anakaa miezi chini ya sheeting, anakula mchele na chumvi, na akirudi mu mji anatafuta kwanza sahani ya moto na sauti ya watu.

Muziki wetu nao ulizaliwa katika nyumba za namna hii. OK Jazz ya Franco ilianza Juni 1956 mu bar moja ya Kinshasa iliyoitwa OK Bar, na ile "OK" ilibakia ndani ya jina. Miaka 65 nyuma yake, tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo kati ya urizi wa dunia nzima, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville pamoja. Tulifurahi hata hapa, mbali na mto. Tulisikia ile habari kwenye radio.

Siku kumi na moja baadaye, tarehe 25 Desemba 2021, siku ya Noeli, mtu alijilipua na bomu kwenye mlango wa restaurant bar In Box, mu mji wa Beni. Ndani mulikuwa watu zaidi ya 30 waliokuwa wanasherehekea. Watu walikufa, na watoto walikuwa kati yao. Hatusahau ile jioni. Kutoka Oicha mpaka Beni ni kilometa karibu 30, na wengi wetu tulikuwa na ndugu pale mjini.

Na haikuwa mara ya kwanza mwaka ule. Siku ya mungu tarehe 27 Juni 2021, asubuhi, bomu lililipuka ndani ya kanisa Katolika ya Emmanuel-Butsili, pale pale Beni. Jioni ya siku ile ile mtu mwingine akajilipua karibu ya bar. Mwezi wa Oktoba, upande wa Kampala, bomu liliwekwa mahali pa kula nyama ya nguruwe, pale Komamboga, na msichana mmoja aliyekuwa anahudumia wateja akauawa. Na Januari 2023 ilikuwa tena kanisa, pale Kasindi, watu wakiwa katika ibada.

Muangalie vizuri ile orodha. Kanisa, bar, mahali pa kula, bar, kanisa. Wale wauaji hawatafute ulevi. Wanatafuta mahali watu wanakaa pamoja bila woga. Hakuna mtu aliyesema kisha Butsili kama tufunge makanisa yote, na ilikuwa haki kutosema hivyo. Tulisema: tulinde makanisa, tuweke watu mlangoni, tuangalie mifuko. Basi kwa nini kwa nganda tunakuwa na wazo moja tu, la kufunga?

Na hapa ndipo tunarudia kwa yule kijana wa mlango. Kisha lile bomu la Noeli, viongozi walieleza kama mlipuaji alizuiwa na walinzi asiingie ndani, ndipo akajilipua pale pale mlangoni. Tufikirie kidogo. Zaidi ya watu 30 ndani, na mlango. Wenye walisimama pale mlangoni waliokoa watu wengi. Mama wa nganda yetu alielewa lile somo kwa haraka kuliko sisi wote. Alichukua mtoto wa ndugu yake aliyemaliza shule na hana kazi, akamupatia kiti, na akamulipa kila siku ya muziki. Siku ya kwanza watu walikasirika: "Mimi unanijua tangu zamani, unanipapasa?" Leo hakuna anayesema. Mtu anafika, anainua mikono, anafungua mfuko, anaingia.

Ndiyo maana tunasema: nganda isifungwe, nganda ilindwe. Lakini hatutaki mtu aseme kama sisi wa chama tunatetea tu kinywaji yetu. Kwa hiyo sasa tunageuza kidole, kinaelekea kwetu.

Kwanza, malipo. Kuko desturi mbaya katika mashimo yetu, na tumeiacha ikomae. Mwenye shimo ao mnunuzi wa dhahabu anakusanya watu wake na kuwalipa mu nganda, kwenye meza, chupa zikiwa tayari mbele. Mchimbaji amekaa miezi miwili bila kuona feza. Anapewa chupa ya kwanza "kwa bure". Ya pili anaandikwa kwa kaye. Ya tatu hakumbuke nani aliomba. Halafu hesabu inafanywa saa ya jua kushuka, haraka haraka, juu ya couvre-feu, na yule mwenye kalamu ndiye mwenye akili safi peke yake. Tuliona mtu aliyefanya kazi miezi miwili akirudi kwake na feza ya wiki mbili. Mke wake alikuja asubuhi kutuuliza sisi wa chama: "Ingine iko wapi?" Hatukuwa na jibu, na wengine wetu tulikuwa kwenye ile meza.

Haiko jambo jipya wala la Kongo peke yake. Wafanyakazi wa Uingereza walilia juu ya kitu hiki hiki, na mwaka 1883 wabunge wao wakatunga sheria ya kukataza kulipa mishahara ndani ya nyumba za pombe. Shirika la kazi la dunia, lile la Genève, katika mkataba wake namba 95 wa mwaka 1949, linasema vile vile: mshahara usilipwe katika nyumba za vinywaji, isipokuwa kwa wale wanaofanya kazi mule, na pombe kali isitumiwe kuwa malipo. Yaani babu zetu wa kazi, mbali sana na hapa, walishajua hii mutego mbele yetu. Muone vizuri: hawakuomba nyumba za pombe zifungwe. Waliomba mshahara utoke pale.

Sisi pia tunaomba hivyo. Malipo yafanyike asubuhi, mbele ya ofisi ya koperative ao mbele ya watu wawili wa chama, mchimbaji akiwa bado hajakunywa hata maji. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka mchimbaji wa mkono awe ndani ya koperative iliyokubaliwa. Kama koperative ziko, basi ziwe na kazi, na hii iwe kazi ya kwanza. Kisha mtu atume feza nyumbani, alipe likirimba, alipe deni ya shule, na ile yenye inabakia, akitaka, aende nayo nganda kula samaki na kusikiliza gitaa. Hapo atakuwa mteja mwenye kujua hesabu yake.

Pili, kaye ya madeni. Wenzetu, tuseme ukweli. Kuna mama wenye nganda waliofunga si kwa bomu wala kwa amri ya mtu, walifunga kwa sababu ya makaye yetu. Mtu anakula wiki nzima, anasema "nitalipa tukipata gramu", kisha anaenda karé ingine na harudi. Mama alinunua ile samaki kwa feza cash. Alilipa makala, alilipa maji, alilipa taxe ya soko. Sisi wenye kulia kila siku kama mnunuzi anatuibia kwa mizani, tunamuibia mama kwa kaye. Mtu wa chama atakayeondoka na deni la chakula, jina lake tutalisoma mu mkutano.

Tatu, wapiga muziki. Jumamosi ile tuliona namna wanalipwa. Mtu anaridhika na wimbo, anaweka noti kwenye kipaji cha mwimbaji, watu wanacheka, ni furaha. Ni desturi nzuri, hatuikatae. Lakini siku watu hawana feza, wale watatu wanarudi na sahani ya fufu tu, na bafle waliikodisha. Mwimbaji alituambia kwa kucheka: "Sisi tuko wachimbaji kama ninyi, shimo yetu ni mifuko yenu, na mara mingi haina kitu." Tunawaomba wenye nganda wakubaliane nao bei ndogo ya siku kabla ya kuanza, na zile noti za kipaji zikuwe za kuongeza. Mtu aliyepiga gitaa masaa mawili na nusu amefanya kazi. Chama cha wafanyakazi kinachosahau kazi ya mtu kwa sababu ile kazi inafurahisha, hakijui bado maana ya kazi.

Nne, silaha. Tunaandika hii kwa uangalifu, lakini tunaiandika. Mtu mwenye bunduki anapokunywa, meza yote inanyamaza. Hata akiwa mtu mzuri, hata akiwa anatulinda siku zingine, na tunajua wako wengi waliokufa kwa kutulinda. Jumamosi moja, si siku nyingi, mtu mwenye silaha aliingia mahali tulipokuwa tunakula, akaomba wimbo, wimbo haukujulikana, na yeye akaweka silaha juu ya meza. Hakupiga mtu. Lakini watoto wa mama walijificha nyuma ya makasha, na muziki uliisha. Tunaomba wakubwa wao watoe amri yenye inajulikana na wote: anayetaka kula na kunywa aje bila silaha, na anayebeba silaha asimame inje atulinde, tutamupelekea sahani yake pale alipo, na tutamushukuru.

Tano, watoto na pombe kali. Kasiksi ni kinywaji cha wazee wetu, na kila harusi inaijua. Lotoko ni kitu kingine, na zile pombe kali za vijichupa vya plastiki ni mbaya zaidi. Mwenye nganda anayemuuzisha kijana wa miaka 15 vile vijichupa asitegemee sisi tumutetee siku watakapofunga mlango wake. Nganda yenye tunatetea ni ile yenye chungu cha chakula, yenye muziki wa watu, yenye mama anayejua kusema "inatosha, mwanangu".

Sasa kwa viongozi wetu. Saa ya kurudi nyumbani tunaikubali. Hakuna mtu wa Oicha mwenye akili anayetaka kutembea usiku kwa ajili ya wimbo. Nganda ya mchana, kuanzia saa sita mpaka mbele ya jua kushuka, haivunji amri yoyote. Tunachoomba ni vitu vitatu vyenye havigharimu sana. Saa ya kufunga ijulikane na ibaki moja, isitegemee nani yuko patrouille siku ile, kwa sababu saa yenye haijulikane ni mlango wa kuombea watu feza. Wenye nganda waitwe katika mikutano ya usalama ya quartier, kwa sababu wao wanaona wageni mbele ya wote. Na walinzi wa milango wafundishwe kidogo na polisi: namna ya kuangalia mfuko, namna ya kusogeza watu, nani wa kupigia simu. Yule kijana wetu amejifundisha peke yake. Anafanya vizuri, lakini haiko haki kumuacha hivyo mahali penye mlinzi anaweza kufa.

Tunajua wengine watasema: nyinyi watu wa mashimo mumezoea makelele, hamuone haya. Hapana, haya tunayo. Siku kuna maiti mu quartier, nganda yetu haipigi muziki, na mama anapelekaka chungu cha maharagi kule kwenye kilio. Hata bafle anaikopeshaka kwa mahubiri. Kati ya kilio na nganda hakuna ukuta hapa kwetu. Ni watu wale wale, viti vile vile vya plastiki vinabebwa kutoka huku kwenda kule juu ya pikipiki.

Wiki hii tulirudia kwa yule mzee. Hatukuenda kubishana naye. Tulikaa kwake, tukanyamaza kwanza, kisha tukamuambia habari ya sahani ya bati na ya sanduku la mwenzetu, maana alikuwa haijui. Tukamuambia pia kama alisema haki juu ya makaburi: watu wengine wanakunywa kwa kusahau, na kusahau hatukubali. Alisikiliza. Akauliza bei ya samaki. Akauliza kama kuna kiti chenye kuegemea, sababu mgongo wake unauma. Kisha akasema: "Nitakuja kula. Wakianza gitaa, nitaenda."

Tumemuwekea kiti karibu ya mlango, ili aweze kuenda wakati anapenda. Jumamosi hii, saa nane ya mchana, tutakuwa pale. Malipo ya wiki yatakuwa yamefanyika asubuhi, mbele ya ofisi, na mifuko yetu itafunguliwa mlangoni kama ya kila mtu.